Bibi Harusi wa Pindo la Begani

Kila asubuhi, kabla hajabandika chai, shangazi yangu Nirupoma hupiga magoti kando ya kitanda cha mfumi, husukuma kioo cha mkononi sakafuni mpaka kifike chini ya kitambaa, kisha huinamisha kichwa kama mtu anayemtafuta kuku mvunguni. Sari za kwetu Bishnupur hufumwa kifudifudi. Anayefuma huona mgongo wa kitambaa tu, nyuzi zimelegea na kupitana kama nywele zisizochanwa. Uso wenyewe, ile hariri yenye picha, uko chini unaangalia sakafu. Bila kioo huwezi kujua kama uzi umeruka au rangi imekosewa. Shangazi hutazama, hushusha pumzi, huinuka akishika kiuno, na hapo ndipo siku huanza.

"Umeona nini leo?" mumewe, Haradhan, humuuliza akiwa bado amejifunika shuka.

"Nimeona sura yangu. Nimezeeka."

"Hilo hata mimi ningekuambia, bila kioo."

Husemezana hivyo karibu kila siku. Haradhan ndiye aliyekuwa mfumaji hadi magoti yalipomgomea. Siku hizi hukaa dirishani akitoboa kadi ngumu zinazofungwa juu ya kitanda, zile ambazo matundu yake huuambia kila uzi lini uinuke na lini ulale. Shangazi huchora na kufuma. Mimi ni mtoto wa kaka yake, naishi nao tangu nimalize chuo, na kwa kuwa kuandika nakuweza kuliko kusema, kazi yangu ni kumjibu Bi Lahiri kwenye simu.

Bi Lahiri ana duka la sari Kolkata, na kila mwaka kabla ya sikukuu ya mungu wa kike Durga hufanya maonyesho. Mwaka ule alitaka sari za hariri ambazo sanaa ya kwetu imekutana na ya wengine. Wafumaji wa miji mingine walikwisha kumwahidi miti ya bustani za Uajemi na korongo wa Kijapani. "Wewe niletee kitu ambacho hakuna aliyekiona," alimwambia shangazi, na shangazi akamfikiria Maino.

Maino Tudu ni wa kabila la Wasantal, wa kijiji kilichoko nyuma ya msitu wa miti ya sal. Siku za soko huja na sahani za majani alizozishona mwenyewe kwa vijiti, na shangazi amekuwa mteja wake tangu wote wawili walipokuwa mabibi harusi wasiojua kupatana bei. Kila mwaka mvua zikiisha, Maino husiliba upya ukuta wa nyumba yake na kuuchora kwa udongo mwekundu, mweupe na masizi, na kila mwaka mvua huja ikaufuta. Alikuwa akimtania shangazi: "Wewe picha zako wanazifungia kabatini. Zangu zinaliwa na mungu wa mvua. Nani mkubwa?"

Msimu ule, kabla ya sikukuu ya mavuno, tulikwenda kuuona ukuta. Maino alikuwa amechora harusi. Mbele ngoma, kisha wanawake wameshikana mikono, kisha mbuzi mmoja mkaidi akivutwa kwa kamba, na mwisho bibi harusi, nguo nyekundu kichwani, amefika kizingitini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeinuliwa, unyayo umepakwa rangi nyekundu. Ndani ya mlango mama mkwe alimnyooshea chombo cha maji kwa mkono wa kulia.

"Huyu mama mkwe mbona mnene?" shangazi akauliza.

"Ni mimi. Nimejipa nyama. Ukutani ni bure."

Mwanawe, Sagram, alikuwa aoe baada ya miezi michache. Maino akatueleza kwamba mama mkwe wake naye alimchora hivyo kabla hajaletwa. "Si mila ya kijiji, msiende kuiandika. Ni yake yeye, aliitunga. Alisema ukimchora mkwe akiingia vizuri, ataingia vizuri. Mimi nimeingia, nikakaa, nikakaa mpaka nikamzika."

Shangazi alipomwomba aichukue ile picha kwa ajili ya sari, Maino hakufikiri sana. Alifuta mikono yake kwenye upindo wa nguo. "Chukua ngoma, chukua wacheza ngoma, mbuzi unaweza hata kumchinja. Huyu tu usinichezee. Mguu wake uwe huo huo."

"Atakuwa vilevile, dada," shangazi akasema. "Kidole kwa kidole."

Na alimchora vilevile. Nilimwona akihesabu miraba ya karatasi kwa ncha ya kalamu, ulimi umemtoka kidogo, akihamisha kila unyayo kutoka picha niliyopiga kwa simu. Haradhan akatoboa kadi. Sagram akaoa, mkwe akaletwa, msichana aitwaye Salge, mwembamba, mcheshi, anayeziba mdomo kwa kiganja akicheka. Sisi tulikuwepo harusini. Maino mwenyewe alisimama mlangoni na chombo cha maji, na kabla Salge hajavuka akampigia kelele: "Wa kulia, mwanangu, wa kulia." Watu wakacheka.

Wakati huo sari ilikuwa kitandani. Ufumaji ulichukua kiangazi chote na kuingia mvua. Shangazi alianza na pindo la begani, lile linaloning'inia mgongoni kwa mvaaji, kwa sababu ndilo lenye picha kubwa. Kila asubuhi kioo kilimwonyesha bibi harusi akikua, kwanza unyayo, halafu goti, halafu nguo nyekundu. Alikuwa akimwita Haradhan aje kuona, na Haradhan akikataa kuinama. "Niambie tu. Mguu upo?"

"Upo."

"Basi."

Siku ya kukata ilikuwa ya mwezi wa Shrabon, mvua imeshika toka alfajiri. Shangazi aliweka ua na nukta ya manjano kwenye mhimili wa kitanda, kama afanyavyo kila akimaliza sari, akakata nyuzi, na sisi wawili tukaibeba sari mpaka mkekani. Tukaigeuza, uso juu. Ilikuwa nzuri sana. Rangi ya divai, na picha zake kama zimechongwa kwenye udongo wa kuchoma wa mahekalu ya mji wetu. Haradhan alijikokota mpaka hapo akasimama akaisifu, kisha akainama zaidi kuliko magoti yake yalivyomruhusu.

"Mama Bulu," akasema. Bulu ni mtoto wao, yuko Surat. "Huu ni mguu gani?"

Shangazi akasogea. Nilimwona akiangalia, kisha akiangalia karatasi yake ukutani, kisha sari tena. Bibi harusi alikuwa akiingia kwa mguu wa kushoto. Mama mkwe mnene alikuwa akimpa maji kwa mkono wa kushoto.

Nilihitaji muda kuelewa jinsi mwanamke aliyefuma tangu utotoni anavyoweza kutoliona kosa kama hilo. Picha zetu za zamani huchorwa mbilimbili: bwana mwenye kiko anamtazama bwana mwenye kiko, farasi kwa farasi, bibi mwenye ua kwa bibi mwenye ua. Kitambaa kikigeuzwa bado wanatazamana, na kama mmoja anavuta kiko kwa mkono wa kushoto, mwenzake anavuta kwa kulia, na hakuna aliyewahi kulalamika. Maisha yake yote shangazi hakuwa na sababu ya kujiuliza habari za upande. Na kioo nacho hakisemi upande. Kilichoko kulia juu ya kitanda, ndani ya kioo kiko kulia vilevile; huhamia kushoto siku kitambaa kinapogeuzwa uso juu. Miezi yote ile alikuwa akiinama na kuuona mguu sahihi.

"Ingechorwa kinyume," Haradhan akasema, hakumwambia mtu fulani. "Tungechora kinyume tu."

"Nyamaza."

"Gari la Bi Lahiri linakuja kesho."

"Najua linakuja kesho."

"Nani atajua? Watu wa Kolkata wanaangalia mguu wa nani?"

Shangazi aliikunja sari. Aliikunja polepole, karatasi laini katikati ya kila kunjo, na bibi harusi akawa wa mwisho kufunikwa. Kesho yake gari lilikuja, likaichukua.

Siku ya soko iliyofuata Maino hakuja. Wala iliyofuata. Alipokuja, sahani zake zilikuwa zimeshonwa ovyo, na shangazi alipomuuliza habari za nyumbani akasema, "Salge ameenda kwao." Akapanga sahani. "Ameenda na sanduku."

"Atarudi."

"Aliyeenda na sanduku?"

"Aliondoka lini?"

"Mwezi huu huu wa mvua. Mwanzoni."

Nilikuwa nimesimama pale na kikapu. Shangazi alinunua sahani zote. Maino akashangaa, akamuuliza kama ana msiba au karamu. Shangazi akasema ana wageni.

Hatukuwa na wageni. Siku ya soko iliyofuata akanunua zote tena, na nyingine, na nyingine. Sahani za majani zikajaa chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya gunia la mchele. Nyumba ikawa inanuka msitu. Haradhan akasema sasa hata tukifa wote watatu kwa pamoja, chakula cha mazishi kimepata sahani. Shangazi akampelekea Maino ndizi, akampelekea mafuta ya haradali, akampelekea shali ambayo ilikuwa yake na bado nzima. Alirudi kutoka huko kila mara amechoka kuliko alivyokwenda. Akawa anakula kidogo. Nilimsikia siku moja akimwambia mumewe jikoni, "Nimemtoa mtoto wa watu kwa mkono wangu," na Haradhan akimjibu, "Umefuma kitambaa, mama Bulu. Kitambaa." Naye akasema, "Yeye aliniambia mguu. Kitu kimoja tu aliniambia."

Kisha Bi Lahiri akapiga simu. Sari ilikuwa imemtoa machozi. Alitaka itundikwe ukuta wa mbele, na alitaka aliyechora ukuta aje Kolkata pamoja na aliyefuma, wageni wawaone wote wawili. Nauli yao, malazi yao, yote juu yake. Aliniomba nimpelekee habari Maino.

Nilimtazama shangazi. Alikuwa amesikia, kwa maana Bi Lahiri huzungumza kama aliye ng'ambo ya mto.

"Mwambie Maino ana kazi," akasema.

Lakini Bi Lahiri, kwa kujua nilivyo mzito wa kusema, alikuwa amekwisha kumtuma mtu kijijini. Jioni ile ile Maino mwenyewe alikuja mlangoni kwetu, amepaka nywele mafuta, akauliza kama Kolkata watu huvaa viatu ndani ya nyumba.

Njia nzima kwenye treni shangazi alikuwa akikunja na kukunjua tiketi yake. Maino alikaa dirishani, muri yake, zile bisi za mchele, imefungwa kwenye kitambaa, anatafuna na pilipili mbichi na kuhesabia watu makosa yao: yule amelala mdomo wazi, yule amemkalia mwenzake nguo.

"Maino," shangazi akasema.

"Mm."

"Ile sari."

"Mm."

"Haiko kama ukuta."

"Itakuwaje kama ukuta? Ukuta ni mavi ya ng'ombe." Akampa muri kiganjani. "Kula. Umekuwa kama fimbo. Watu watadhani mimi ndiye mfumaji na wewe ndiye mwenye njaa."

Shangazi akala. Baadaye akaanza tena, "Maino, mimi ule mguu," na hapo muuza chai akapita akipiga kelele, Maino akataka chai, na shangazi akawa wa kwanza kutafuta sarafu. Chai ilipokwisha hakuendelea. Nilikuwa nimekaa mbele yao, kitabu kiko wazi magotini, na sikugeuza ukurasa hata mmoja.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa nyumba ya zamani yenye sakafu ya marumaru. Tukavua viatu, Maino akanikonyeza. Sari zilining'inia kwenye fito za mianzi, kila moja na taa yake. Palikuwa na ile ya bustani ya Uajemi, kijani juu ya kijani, mti mmoja umejaa ndege. Palikuwa na korongo wa Kijapani wakiruka juu ya hariri ya rangi ya maziwa. Palikuwa na moja ya mtindo wetu wa kale, Wazungu ndani ya behewa la treni wakivuta viko, mbilimbili. Wanawake wa Kolkata walipita wakinong'ona, wakishika pindo kwa vidole viwili kama wanaopima joto la mtoto. Maino alisimama mbele ya sari ya korongo.

"Huyu aliyefuma hawa ni mkorofi," akasema. "Ameona ndege anaruka akamshika katikati."

Kisha akaiona ya kwetu.

Ilikuwa ukutani peke yake. Alitembea mpaka hapo akasimama, mikono nyuma. Alimtabasamia mbuzi. Alimtabasamia mama mkwe mnene. Halafu tabasamu likakaa tu usoni, halina kazi. Nilimwona akisogeza mguu wake wa kulia mbele, juu ya ile marumaru, taratibu, kama anayepima maji. Akaurudisha. Akasogeza wa kushoto. Akatazama sari.

Shangazi alikuwa nyuma yake hatua chache.

"Nirupoma," Maino akasema bila kugeuka. "Mguu gani huu?"

"Wa kushoto."

"Na mimi hapa nampa maji kwa kushoto. Kama namwagia mbwa."

"Ndiyo."

"Kitambaa kiligeuka?"

"Kitambaa kinafumwa kifudifudi. Nilipaswa kukichora kinyume. Sikukumbuka."

Maino akatikisa kichwa, kama mtu aliyeelezwa vizuri habari ya njia. "Kosa uliliona hapa?"

Shangazi angeweza kusema ndiyo. Nilidhani atasema ndiyo. Midomo yake ilifunguka kwa umbo hilo. "Nililiona nyumbani," akasema. "Siku tuliyokata. Shrabon."

Sasa Maino akageuka. Alimtazama, macho yakihesabu siku, na nikaona alipofikia jibu.

"Sahani," akasema. "Ndiyo maana ulikuwa ukinunua sahani."

"Ndiyo."

"Na ndizi. Na shali."

"Ndiyo, dada."

"Mimi nikasema moyoni, Nirupoma ana roho nzuri, ameona nina shida." Alicheka kidogo, puani. "Sikiliza. Salge hakuondoka kwa ajili ya mguu. Sagram anakunywa. Akinywa mkono wake ni mwepesi. Nilijua tangu mwezi wa kwanza, niliusikia kutoka upande wa pili wa ukuta, nikajigeuza nikalala. Sari yako haina habari na nyumba yangu."

Shangazi akafunika uso wake kwa upindo.

"Usilie bado, sijamaliza. Mimi najua hivyo. Wewe hukujua. Wewe uliamini ni mkono wako uliomtoa, na ukanyamaza. Ukawa unakuja kwangu na ndizi, unakaa juu ya kitanda changu, unaniuliza amerudi?" Sauti yake haikupanda. "Miezi yote hii nimemlaumu mwanangu, na nimejilaumu mimi. Ungenipa hata hilo basi. Ungeniambia, nikapata mtu mwingine wa kumlaumu, hata kwa wiki moja. Ningepumzika."

Shangazi akaushusha upindo usoni.

Wakati huohuo Bi Lahiri akatujia akipiga makofi madogo, nyuma yake kundi la wageni. "Ndio hawa," akasema, "ndio mikono yenyewe." Bibi mmoja mrefu, mvi zake zimefungwa vizuri, alikuwa ameshika pindo la begani na hakutaka kuliachia, harusi ya binti yake ilikuwa msimu wa baridi, na alitaka sari kama hii ifumwe kwa ajili yake, na nyingine mbili kwa wakwe. Kadi zipo, Bi Lahiri akamwambia, ni kurudia tu. Kisha akamshika Maino bega. "Tuambie, mama. Hapa kuna nini?"

Maino alitazama ule umati wa nyuso. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa, na nadhani alikuwa anangoja, kama mtu anayengoja kofi. Maino angeweza kulitoa. Alikuwa na haki nalo.

"Ni mkwe wangu," Maino akasema. "Anaingia nyumbani."

Wageni wakasema aaa. Bibi mrefu akasogeza pindo kwenye taa. Bi Lahiri akaanza kueleza habari za udongo na masizi, na pale shangazi akamkatiza, yeye ambaye sijawahi kumsikia akimkatiza mtu aliyevaa miwani.

"Anaingia kwa mguu wa kushoto."

Bi Lahiri akasita. "Nini?"

"Tazameni mguu wake. Na mkono wa mama mkwe. Ukutani kwa Maino vilikuwa vya kulia. Nilikosea kuchora, nikaona kosa langu, nikaileta hivihivi. Yeye hana kosa." Alimwelekea yule bibi mrefu. "Usimvalishe binti yako hii, mama. Na kadi zile sifumi nazo tena."

Bibi mrefu alitazama pindo mkononi mwake. Wanawake wa Kolkata hawaangalii miguu ya watu, Haradhan alisema kweli, lakini harusi ni harusi kila mahali. Aliliachia. Alilipangusa kidogo pale alipokuwa amelishika, kwa adabu, akaenda kwenye sari ya korongo, na wengine wakamfuata. Bi Lahiri alibaki akimtazama shangazi kama mtu aliyemwagiwa chai kwenye nguo mpya.

"Hakuna aliyekuwa ameona," akasema chini chini. "Hakuna hata mmoja, Nirupoma."

"Yeye ameona."

Kabla ya chakula cha mchana sari ilikuwa imeshushwa, na ukuta wa mbele umepewa bustani ya Uajemi. Bi Lahiri hakutufukuza, ni mwungwana. Alituandalia samaki na wali, na hakukaa nasi. Alipoikabidhi sari, imekunjwa ndani ya karatasi, aliikabidhi kwangu. Shangazi akamwambia Maino ni yake, achukue.

"Niivae wapi?" Maino akasema. "Kukatia majani?" Lakini baadaye kidogo akaongeza, "Kama utafuma nyingine, chora kinyume."

"Bi Lahiri hatanunua tena kwangu."

"Sikusema ufume kwa Bi Lahiri."

Hayo ndiyo maneno pekee waliyosemezana mchana ule.

Kesho yake asubuhi tukapanda treni ya kurudi. Behewa lilikuwa nusu tupu. Maino alipita kiti kilichokuwa kando ya shangazi akaenda kukaa upande wa pili wa njia, dirishani, akaegemeza kichwa kwenye vyuma na kufumba macho. Sijui kama alilala. Shangazi alikaa nami. Mikono yake, ambayo sijapata kuiona bila kazi, ilikuwa imelala mapajani, viganja juu. Tulipita mashamba ya mpunga, vituo viwili vitatu, bwawa lenye watoto. Nilikuwa nimelikalia swali langu tangu Kolkata, nikalipanga na kulipangua, nikasema moyoni si adabu, na mwishowe nikaliuliza nikiwa naangalia magoti yangu.

"Shangazi, kama Maino asingekuja Kolkata, ungemwambia?"

Alinitazama, kisha akatazama ng'ambo ya njia, alikokuwa Maino.

"Hapana," akasema. "Ningeendelea kununua sahani."